Mshale Uliosimama Nusu

Fundi alikuwa hajui kuendesha gari. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililowachekesha watu wa mji wetu wa Rumonge kuliko yote, na yeye mwenyewe alilisema bila haya, kama mtu anayekuambia tumbo lake halipatani na maharage. Aliweza kulifungua gari zima, akalipanga chini vipande vipande juu ya turubai, akalirudisha, likawaka. Lakini kulisogeza kutoka pale lilipo hadi ng'ambo ya barabara, hapana. Alimwita mwenye gari.

"Miye ni daktari," alisema. "Umeshaona daktari anatembea na miguu ya mugonjwa?"

Nasema alikuwa, kwa sababu tumeshamzika. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo waliyasema msibani, wengine kwa kukosea, na sina haja ya kuyarudia. Mimi nauza chai na chapati mkabala na pale alipofanyia kazi, na kwa miaka mingi nilimwona kuanzia asubuhi anapotandika turubai hadi jioni anapolikung'uta. Mtu ukimtazama hivyo unamjua kuliko ndugu zake, na unamchoka kuliko ndugu zake pia.

Kazi yake ilikuwa umeme wa magari, na ndani ya umeme kulikuwa na kitu kimoja alichokipenda kupita vyote: ule mshale mdogo ulio mbele ya dereva, unaosema tanki limejaa au limekauka. Huku kwetu tunauita joje. Gari zetu zinatufikia zikiwa zimeshazeekea kwa watu wengine, na joje ndicho kitu cha kwanza kufa. Wenye gari wengi walizoea, wakaendesha kwa kukisia. Fundi hakuvumilia kukisia. Alikuwa anaweza kumsimamisha mtu anayepita zake, akaingiza kichwa dirishani na kuuliza, "Mushale yako iko inasema kweli?" Mtu akisitasita tu, amekwisha. Atashushwa, kiti kitanyanyuliwa, na safari itaahirishwa.

Hakuwa na msaidizi, na joje haitengenezwi na mtu mmoja. Mmoja awe nyuma na waya, mwingine mbele asome mshale. Msomaji wake nilikuwa mimi. Niko na unga hadi kwenye viwiko, chapati iko motoni, nasikia sauti yake: "Mama Nuru! Kuya unisomeye!" Nilikataa, nikatukana kidogo, kisha nikaenda. Mume wangu alinitania kwamba nina kazi serikalini.

Kwa hiyo nilijifunza bila kutaka. Katika gari ndogo nyingi tanki liko chini ya kiti cha nyuma. Unakinyanyua kiti, unakuta kifuniko cha bati, na waya zinazoingia tankini. Ndani mna boya dogo lililoshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipanda, boya linapanda, yakishuka, linashuka, waya unapeleka habari mbele kwenye mshale. Fundi aliuchomoa ule waya akaugusisha kwenye bodi ya gari, na mimi mbele, ufunguo umewashwa, natazama. Mshale ukiruka, basi mshale ni mzima na ugonjwa uko tankini. Usiporuka, ugonjwa uko mbele au njiani. Lakini kabla ya yote alitafuta masi, yaani ule waya unaoshikana na bodi, kwa sababu masi ikilegea mshale unapayuka kama mtu mwenye homa. "Mushale hauna zambi," alisema. "Unasema kile umeambiwa."

Na mimi pia alinitaka nisiwe na dhambi. Siku moja nilikuwa na wageni, akamtumia mteja wake kusoma. Mteja yule, kwa heshima tu, kwa kuwa alimwona mzee anatoka jasho, akasema mshale umepanda kidogo. Haukuwa umepanda. Fundi alipoteza asubuhi nzima akitafuta ugonjwa mahali usipokuwepo. Alipogundua, alimfukuza na gari lake. "Hapana niambie kile napenda!" alipiga kelele. "Niambie kile unaona!" Jirani zangu walitoka nje kutazama nani anapigwa.

Alikuwa mgomvi, nisimpambe. Aligombana na seremala wa jirani kwa ajili ya kivuli, kivuli tu cha ukuta, wakakaa muda mrefu hawapeani salamu. Paa la seremala lilipong'olewa na upepo, wa kwanza kushika ngazi alikuwa Fundi, na hata pale juu hawakusemezana. Walipokezana misumari kimya kimya. Alifanya kazi ya grisi akiwa amevaa shati jeupe, amelipiga pasi mwenyewe, na alikasirika kila lilipochafuka kana kwamba jambo hilo halijawahi kutokea. Alikulia kando ya ziwa lakini hakuwahi kuingia maji yakapita vifundo vya miguu. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, hakula, eti wanamtazama. Na alipokuwa kichwa chake kimezama chini ya kiti cha gari aliimba nyimbo za wanawake za kumtoa bibi harusi, zile za kuaga, kwa sauti mbaya sana, bila kujua kwamba barabara nzima inamsikia.

Nyimbo hizo alizipata kwa mke wake. Mke wake aliuza mawese sokoni, mwanamke mpana, mwenye kicheko kilichomtangulia kufika. Hawakujaliwa watoto, na sikuwahi kusikia mmoja akimsema mwenzake kwa hilo. Walichogombania ni harufu. Fundi alilalamika kwamba shuka zinanuka mawese. Mkewe alijibu kwamba mto unanuka petroli. "Mama Nuru," aliniambia mara nyingi, akikaa kwenye benchi langu na beseni lake, "nyumba yetu ikishika moto, hata mvua ya masika haiizimi." Kisha alicheka mpaka chai ikamwagika. Fundi upande wa pili wa barabara alijifanya hasikii, na mabega yanamtikisika.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Miaka hii ya ukosefu wa mafuta kila mtu hapa anaijua. Vituo vilikauka, gari zikapanga foleni hadi zikaota vumbi. Aliyekuwa na haja kweli alinunua kwa watu wa maboti, yale yanayotoka ng'ambo ya ziwa. Fundi aliwatengenezea watu hao umeme wa mashine zao, kwa hiyo walimwekea kidogo. Kulikuwa na kijana mmoja wa mtaani kwetu, shofeli, mwenye Corolla nyeupe iliyofanya teksi. Joje ya gari hilo Fundi aliitengeneza yeye mwenyewe, alibadilisha masi, mimi nikamsomea. Kijana yule akamwomba Fundi amtafutie mafuta kwa watu wa maboti. Fundi akamtafutia. Yakamiminwa tankini, mshale ukapanda mpaka nusu, kijana akafurahi, akaendesha hapa mjini taratibu, safari fupi fupi.

Baada ya siku chache mke wa Fundi aliamka na maumivu ya tumbo. Kufika saa za chai alikuwa hawezi kunyooka. Daktari akasema lazima apasuliwe, na apasuliwe Bujumbura, bila kuchelewa. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mtu mwingine. Shofeli akaleta Corolla yake mwenyewe, bila kuulizwa. Nilishika mlango wakati wanamlaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa Fundi. Nilimsikia shofeli akimtoa hofu ya petroli, "Esansi iko, mushale iko nusu, tunafika." Na Fundi akanyoosha shingo akatazama mwenyewe, akaitikia, "Ego. Iko nusu."

Walipita Minago, wakapita Magara. Kabla ya Kabezi gari likakohoa, likasimama.

Haya niliyasikia kwa shofeli, siku ya mazishi, akilia kama mtoto. Anasema Fundi alitazama mshale, ukiwa palepale nusu, akasema mafuta yapo, kwa hiyo ugonjwa ni umeme. Akakilaza kichwa cha mkewe juu ya khanga, akashuka, akafungua boneti. Akashika waya huu, akashika ule, akasugua plagi kwa shati lake jeupe. Aliendelea kutafuta. Mkewe ndani alikuwa anamwita kwa jina ambalo sisi hatukuwahi kulisikia. Mwisho shofeli alilitikisa gari kwa nyuma na kusikia tanki halina hata mchuruziko. Kavu. Mpanda pikipiki mmoja akaenda kutafuta chupa ya petroli Kabezi. Alirudi nayo kweli, lakini mke wa Fundi alikuwa ameshafariki, palepale kwenye kiti, mchana kweupe, ziwa likiwa upande mmoja na watu wanapita na mihogo yao.

Mimi hili sijalisamehe. Sijui hata simsamehe nani.

Mji ulipata wa kumlaumu upesi. Walisema shofeli alikuwa amenyonya mafuta usiku akayauza, maana nani asiyejua bei ya chupa moja siku zile? Aliapa kwa Kurani. Wakasema wezi wote wanaapa. Hakuvumilia hata siku za msiba. Kabla hazijaisha aliuza gari kwa haraka kwa mtu wa kusini, akavuka ziwa, na mama yake akabaki anasalimiwa nusu nusu sokoni.

Fundi hakuwahi kumlaumu. Watu walifikiri ni upole, na mimi niliyemjua nilijua hakuwa mpole. Alikuwa na hesabu yake kichwani. Kama shofeli aliiba, basi mshale ungeshuka. Mshale haukushuka, kwa hiyo kulikuwa na kitu kilichoushika. Kitu gani? Alidhani ni kazi ya mikono yake. Alidhani ile masi aliyoibadilisha ilikuwa imelegea. "Nilifunga mubaya, Mama Nuru," aliniambia, akiwa ameshika kikombe bila kunywa. "Ama sikufunga mubaya. Gari ingekuwa hapa, ningejua." Lakini gari halikuwapo, lilikuwa limeondoka yeye akiwa bado amekaa mkekani anapokea pole. Na pale njiani, wakati wa kutazama, asingeweza kunyanyua kiti kile. Nani angeweza?

Tangu hapo alianza kutengeneza joje za watu kwa namna iliyotutisha. Gari lililetwa kwa ajili ya honi, yeye akaanzia kwenye tanki. Aliacha kuimba. Shati jeupe alivaa lakini pasi hakupiga tena. Watu walimwambia maneno yetu yale, kazi ya Mungu haina makosa, kila nafsi itaonja mauti, na yeye aliitika amina kwa adabu, kisha akauliza kama kuna mtu aliyeliona lile gari.

Halafu ikaja ile siku ya pikapu ya mchuuzi wa samaki. Mshale ulikuwa umekwama, haupandi wala haushuki. Niliitwa, nikakaa mbele. Fundi akagusisha waya, mshale ukaruka vizuri. "Basi iko mu tanki," akasema. Akalichomoa boya. Nilingoja nisikie "soma", sikusikia. Niligeuka nikamwona amekaa chini kwenye turubai, ameshika ule mkono wa boya, ananusa vidole vyake.

Nilishuka. Mkono wa boya ulikuwa na utando wa rangi ya machungwa iliyokolea, mzito, unaonata. Hata mimi nilijua harufu ile kabla sijainama. Rumonge hakuna bido, yaani dumu, ambalo halijawahi kubeba mawese. Ukitaka bido la maji, la pombe, la petroli, unachukua lililokuwa la mawese, unaliosha. Siku za kawaida mafuta yanatoka kwenye pampu kwenda moja kwa moja tankini, hakuna madhara. Lakini siku hizi za maboti, petroli yote ya mji huu ilipita kwenye mabido. Ile petroli inayayeyusha mawese yaliyojificha kwenye pembe za bido, inayabeba hadi tankini, na usiku ukiwa na baridi yanaganda kwenye maungio ya boya. Boya linakwama pale lilipofika, na petroli inaisha chini yake.

Mchuuzi alicheka, akasema basi gari lake litakaanga ndagala lenyewe. Fundi hakucheka. Alilisafisha boya, akalirudisha, akaiacha kazi iliyobaki, akafunga mapema. Kesho yake alivuka barabara, akakaa pale mkewe alipozoea kukaa.

"Ile esansi ya shofeli," akasema. "Niliileta na bido ya mawese ya bibi yangu."

Nikamwambia asiseme upuuzi. Nikamwambia inaweza kuwa masi, inaweza kuwa boya limetoboka, inaweza kuwa yule kijana kweli aliiba na mshale ukagoma kwa sababu zake. Nilimtajia magonjwa yote ya joje aliyonifundisha. Alinisikiliza kama mwanafunzi.

"Ndiyo," akasema. "Inaweza. Tukipata gari tutajua."

Kuanzia hapo alilitafuta gari lile kwa kumwuliza kila dereva aliyekunywa chai kwangu. Corolla nyeupe, taa ya nyuma imefungwa na waya wa shaba. Na niliomba, Mungu ananisikia, niliomba lisipatikane. Niliomba liwe limeanguka mtoni, liwe limekatwa chuma chakavu. Nilimwona jinsi alivyokonda. Nilijua kuna jibu moja tu analolitafuta, kwamba si yeye aliyemuua mkewe, na niliogopa kwamba gari halitampa jibu hilo.

Lilipatikana. Dereva wa Nyanza-Lac alikunywa chai akasema taa ya waya wa shaba anaijua, ni ya mkulima mmoja kule, mtu aliyerudi kutoka Tanzania, anabebea nyanya. Fundi alienda nyumbani, akarudi na shati limepigwa pasi.

"Nani atanisomea?" akauliza.

Nilimwachia mume wangu chapati, nikaenda naye.

Mkulima alitupokea vizuri mno, na hilo liliniumiza. "Shikamoo mzee, shikamoo mama, karibuni sana, karibuni ndani." Tulikaa nje. Fundi akamweleza kwamba yeye ni fundi aliyelihudumia gari lile zamani na anataka kulitazama joje tu, bure. Hakusema lingine. Mkulima akafurahi.

"Geji? Geji ni nzima, mzee. Nilipolinunua ndiyo lilikuwa tabu, mshale umeganda kwenye nusu, hauendi mbele wala nyuma. Nikasema ah, gari la zamani hili. Basi nimeendesha, nimeendesha, siku moja naona mshale unashuka wenyewe. Tangu siku hiyo unatembea."

"Fundi gani alitengeneza?"

"Hakuna fundi, mzee wangu. Hakuna aliyeligusa."

Nilimtazama Fundi usoni. Hakukuwa na kitu cha kutazama. Alishukuru, akaomba ruhusa, akaenda kwenye mlango wa nyuma na kuufungua. Kiti kilikuwa kimefunikwa plastiki kwa ajili ya nyanya. Aliweka kiganja chake juu yake, akakaa hivyo kwa muda, mpaka mkulima akadhani amesahau alichojia, akaenda kutuletea maji.

"Enda mbele, Mama Nuru," akasema. "Washa kontakti."

Nikakaa mbele, nikazungusha ufunguo. Kwenye kioo nilimwona anasema bismillahi, ananyanyua kiti. Aliinama. Niliisikia spana yake.

"Masi yangu iko. Fundo yangu. Haijalegea," akasema.

Kisha akalitoa boya.

"Soma."

Mshale ulikuwa chini. Aliinua mkono wa boya, na mbele yangu ule mshale ukaanza kupanda, laini kabisa, bila kusita, kama gari jipya. Nilitamani kusema umekwama. Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Angebeba nyumbani angalau nusu ya shaka, na mtu anaweza kuishi na shaka.

"Soma!"

"Unapanda," nikasema.

"Wapi?"

"Robo. Unafika nusu." Nikaushika usukani. "Umepita nusu, Fundi."

"Na sasa?"

"Unashuka."

Alirudia polepole, juu, chini, na mimi nikasoma kila kitu. Kwenye kioo nikamwona anapangusa boya kwa ncha ya shati lake jeupe na kuitazama ile ncha. Haikuwa na doa.

"Imepona," akasema. Aliongea chini, ndani ya tanki lile, wala sijui kama aliniambia mimi. "Waya ikikatika, haijiungi. Boya ikitoboka, haijizibi. Kitu inapona yenyewe mu tanki ni kimoja. Esansi safi inakuja, inaosha, inaosha, mawese inaisha."

Sikuweza kugeuka. Nililia nikiwa nimeshika usukani wa gari la watu. Alirudisha kila kitu mahali pake, hakuacha hata skrubu moja, akashusha kiti, akaipapasa ile plastiki mpaka mikunjo ikaisha. Mkulima alirudi na maji na sahani ya ndizi.

"Eeh, mzee, umeonaje?"

"Ni nzima," Fundi akamwambia. "Endesha na amani."

"Si nilikwambia!" mkulima akacheka, akatutilia ndizi tuchukue njiani. Fundi akashukuru, akasema murakoze, akazipokea kwa mikono miwili.

Tulingoja gari la kurudi kando ya barabara, karibu na maji. Wavuvi walikuwa wanaanika ndagala. Alikaa juu ya jiwe, ndizi mapajani, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa kuhusu shofeli. Kwamba yule mtoto wa watu hakuiba. Kwamba Ijumaa atasimama mbele ya watu na kusema. Nikamwambia asijiharibie jina kwa kitu ambacho hakuna mtu anayekiuliza, mji umeshasahau. "Mama yake hajasahau," akasema. Nikamwambia watamsema yeye. "Baseme." Na alitimiza. Ijumaa ile baada ya swala alisimama, akasema esansi haikuuzwa, bido lilikuwa la kwake, akaenda hadi kwa mama wa shofeli kuomba radhi. Hakuishi sana baada ya hapo. Mvua zilizofuata tulimzika karibu na mkewe.

Lakini pale kando ya barabara, gari likiwa bado halijaja, aliziweka zile ndizi kando, akanigeukia, na uso wake ulikuwa umevunjika kabisa, uso ambao sikuwahi kuuona hata msibani.

"Niliiosha, Mama Nuru," akasema. "Ile bido. Niliweka majivu, niliweka muchanga, nikatikisa. Nikaosha na maji ya moto. Nikanusa. Nikarudia kuosha. Niliiosha muzuri. Niliiosha muzuri sana."

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu siku ile na nilimwona kwa macho yangu, aliosha vizuri, hakuna mtu angeosha kuliko vile. Akaniuliza kama kweli niliona. Nikasema wallahi niliona.

Sikuona kitu. Siku ile nilikuwa Gatete kwa dada yangu.